Fungate Saadani: safari ya ng'ambo, mbung'o, na historia ya doti ya kanga



Mabi harusi wa siku hizi wakija kupimwa nguo, suali la pili baada ya shela ni fungate watakwenda wapi. Nungwi wameshaizoea, Dubai bei haikamatiki, na Serengeti bwana harusi anasema "Inshallah mwakani". Mimi nawataja Saadani, wananiangalia kama nimetaja mwezini. Na ni hapo tu ng'ambo. Ukisimama pwani ya magharibi ya Unguja ukatazama bara, Saadani iko upande huo huo, kati ya Bagamoyo na Pangani.

Leo nataka niieleze Saadani kwa historia yake kwanza, kisha mambo ya safari. Nafanya hivyo kwa makusudi. Mtu akienda kule bila kuijua historia ataona kijiji cha wavuvi, maji ya rangi ya chai, na twiga watatu, arudi aseme hakuona kitu. Akiijua, hata lile gofu la boma atalisimamia nusu saa.

Na neno lenyewe fungate tulijue. Fungate ni saba kwa lugha ya kale. Wasambaa mpaka leo wakihesabu husema mfungate. Ndiyo zile siku saba za maharusi kukaa ndani, somo akiingia na kutoka, chakula kikiletwa kimefunikwa kawa. Bibi zetu hawakusafiri fungate. Lakini kusafiri kwa ajili ya ndoa walikusafiri, tena kuelekea huko huko.

Malkia na mume wa ng'ambo

Kabla ya masultani wa Oman, Unguja ilikuwa na watawala wake wenyewe, na miongoni mwao walikuwemo wanawake. Katika karne ya 17 tunasikia habari za Mwana Mwema, ambaye mwaka 1652 Wareno walimtoa kwenye kiti kwa sababu alishirikiana na Waomani. Baadaye akaja Malkia Fatuma. Huyu yeye alikuwa upande wa Wareno wakati Waomani wameizingira Ngome ya Mombasa, kuanzia 1696 mpaka 1698. Ngome ilipoanguka, Fatuma alichukuliwa Muscat akakaa huko miaka, kisha akarudishwa kwao Unguja.

Sasa mume wa Fatuma. Alikuwa Abdalla, mfalme wa Utondwe, na mtoto wao Hassan ndiye aliyekuja kutawala baada ya mama yake. Utondwe ulikuwa mji wa Waswahili karibu na mlango wa Mto Wami, pwani ile ile ambayo leo ni ya hifadhi ya Saadani. Mji wenyewe umekwisha, mikoko na mchanga vimeumeza. Lakini fikiria: mkondo huu tunaouita wa mbali ulikuwa njia ya posa. Mahari yalivuka, wajumbe walivuka, na bila shaka nguo za harusi pia zilivuka.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba historia ya ng'ambo ni ya Wamishionari na Wajerumani, sisi hatumo. Si kweli. Tumo tangu zamani, na mwanzo wetu pale ni wa ndoa.

Mji ulioishi kwa nguo

Karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari ya misafara, mshindani wa Bagamoyo na Pangani. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, zikavushwa kuja Unguja. Na kilichopanda bara kwa wingi kuliko kitu chochote ni nguo.

Hapa kidogo mnivumilie, maana ndipo kazi yangu ilipo. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Mkuu wa msafara hakubeba sarafu, alibeba majora. Kitambaa cheupe kigumu cha pamba kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakija Unguja kwa majahazi yao, na mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, pamba ikaadimika, merikani ikapungua sokoni, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata nafasi. Kulikuwa na kaniki pia, ile nguo ya buluu iliyokoza mpaka inakaribia nyeusi, iliyotiwa nili.

Vipimo vyao tunavyo mpaka leo midomoni. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili. Shuka mbili ni doti. Ukimwambia mama mkwe "nimeweka doti kumi za kanga kwenye sanduku la bi harusi", unatumia kipimo cha misafara ya Saadani. Njiani, chakula, ruhusa ya kupita, ushuru wa mtemi, zawadi kwa mke wa mtemi, vyote vilihesabiwa kwa shuka na doti.

Lakini tusiipambe. Katika njia hizo hizo walipita watu waliofungwa. Watumwa walishushwa pwani hii, na wengi wakavushwa kuletwa kwetu, wakalime mikarafuu, wapike, wafue, walee watoto wa wengine. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, lakini magendo yaliendelea usiku usiku kutoka vijidau vya pwani hii. Utumwa wenyewe Unguja na Pemba ulifutwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Bara, kwenye ardhi ya Saadani, watu walisubiri mpaka 1922 chini ya Mwingereza.

Sasa angalieni nguo inavyosema. Mwanamke mtumwa alivishwa merikani au kaniki, kipande cha bei ndogo, kimefungwa kifuani. Hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Sitara, ambayo kwa dini ni haki na wajibu wa kila mwanamke Muislamu, iligeuzwa kuwa alama ya cheo. Baada ya 1897 wanawake hao walifanya nini? Walinunua kanga. Kanga yenyewe ilikuwa changa, inasimuliwa ilianza kwa leso sita kushonwa pamoja, mbili kwa tatu, kisha wafanyabiashara wakaagiza zilizochapwa tayari. Wakavaa doti nzima, moja chini, moja kichwani. Baadaye wakavaa na buibui. Walikuwa wanasema, bila kufungua mdomo, sisi si mali ya mtu na dini hii ni yetu pia.

Wapo wateja wangu wanaoiona kanga kwenye sanduku kuwa ni kitu cha kizamani, wanataka abaya za Dubai kumi na mbili. Abaya sawa, nawashonea na nawauzia. Ila mtu ajue anachokidharau.

Bwana Heri

Mwaka 1888 Sultani Khalifa alikodisha utawala wa pwani ya bara kwa kampuni ya Wajerumani. Agosti mwaka huo bendera za kampuni zilipoanza kupandishwa, Pangani ikalipuka, na pwani nzima ikafuata. Tunamjua zaidi Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Disemba 1889. Saadani ilikuwa na mtu wake, Bwana Heri bin Juma.

Bwana Heri alikuwa kiongozi mwenye nguvu kwa Wazigua, na hata Sultani wa Unguja alimjua kuwa si mtu wa kuamrishwa. Mwaka 1882 alikuwa tayari ameshawashinda askari waliotumwa kutoka hapa. Juni 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliipiga Saadani kwa mizinga kutoka baharini. Watu wakarudi nyuma porini. Bwana Heri akajenga ngome ya magogo Mlembule. Disemba Wajerumani waliishambulia wakarudishwa, Januari 1890 wakaja tena na nguvu zaidi wakaichukua. Kilichomaliza vita hasa ni njaa. Aprili 1890 Bwana Heri akakubali amani.

Mimi ninapousoma mwezi ule wa Januari huwa sifikirii mizinga. Nawafikiria wanawake waliokimbilia porini na watoto mgongoni, mtama umechomwa, maji ya kisima ya chumvi. Vitabu vinataja idadi ya bunduki, hao hawawahesabu.

Pale kijijini bado lipo gofu la boma la Wajerumani, na makaburi ya zamani. Kijiji cha leo ni cha wavuvi, Waislamu kwa wingi, kinasifika kwa kamba wanaovuliwa kuelekea mlango wa Wami. Na kuna mashamba ya chumvi jirani. Nunueni kamba, msalimie wazee, muombe ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Makaburini, dua kwanza.

Mdudu aliyeshinda wazungu mara mbili

Mwaka 1876 mmishionari Roger Price alitoka Saadani kwenda Mpwapwa kwa ng'ombe, akarudi akisema njia ni salama, hakuna mbung'o wa kuogopwa. Wenzake wa London Missionary Society wakaja 1877 na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakitaka kufika Ziwa Tanganyika. Ng'ombe walikufa. Mbung'o walikuwepo.

Kiasi cha miaka 75 baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya mkonge ya Amboni ikaanzisha shamba kubwa la ng'ombe Mkwaja, kaskazini ya Saadani, ili wafanyakazi wa mkonge wapate nyama. Dawa, majosho, kufyeka vichaka, yote yalifanywa. Mwaka 2000 wakafunga. Ardhi hiyo ikaunganishwa na pori la akiba la Saadani lililokuwepo tangu miaka ya 1960, na msitu wa Zaraninge, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 1,100 hivi. Kwa hiyo ukiona tembo pale, mshukuru Mola, kisha ujue na mbung'o ana sehemu yake.

Haikupatikana bila malalamiko. Wakazi wa Uvinje, kitongoji cha pwani cha Saadani, kwa miaka mingi wamesema ardhi yao iliingizwa kwenye ramani ya hifadhi. Ukikaa kwenye kiti cha hoteli kuangalia bahari, ni adabu kujua kwamba kuna mtu anasema pale ni kwao.

Sasa rudini kwa mbung'o, maana hapa ndipo nguo zetu zinapohusika. Sisi wa Unguja tumemsahau. Alikuwepo hapa mpaka miaka ya 1990, msitu wa Jozani akiwa amejaa. Walimmaliza kwa kumwaga kwa ndege mbung'o madume waliofanywa tasa, waliozalishwa Tanga, na tangu 1996 hajaonekana tena. Kwa hiyo bi harusi wa Unguja hajui kwamba mbung'o anapenda rangi mbili: nyeusi na buluu. Hata mitego ya kumkamatia inashonwa kwa vitambaa vya buluu na nyeusi. Yaani kaniki, na yaani buibui.

Shoga yangu, usiende Saadani na abaya nyeusi. Utakuwa wewe ndiye mtego.

Shona abaya mbili au tatu za rangi ya mchanga, kahawia hafifu, au kijani cha majani makavu. Kitambaa kiwe pamba au kitani chenye uzito kidogo, kwa sababu mbung'o anapenya kitambaa chepesi kinachogusa ngozi. Pana, kisibane mabegani, mikono iwe na lastiki au kifungo kwenye kifundo. Ndani suruali ya pamba, maana gari la wazi lina ngazi ya kupandia na upepo hauna haya. Mtandio wa pamba, si wa hariri, ushikwe kwa pini mbili. Viatu vya kufunika. Buibui lako jeusi libebe, ulivae kwenye boti na mjini, halina ubaya. Na kijana wako mwambie asije na jinzi za buluu.

Kufika, kuswali, kula

Wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba, kusi linavuma na njia kavu. Januari na Februari panafaa pia ila joto lake mtalisikia. Masika, Machi mpaka Mei, msiende: udongo mweusi wa kule ukilowa gari linakaa kama limegandishwa na gundi.

Njia ya kawaida ni boti mpaka Dar es Salaam, kiasi cha saa mbili, kisha gari kwa Bagamoyo na Makurunge, mvuke Wami. Nyingine ni ya Chalinze, unakata kulia Mandera, unapita Miono na Mkange. Zipo ndege ndogo zinazotua uwanja wa hifadhi kutoka hapa Unguja, ni dakika chache lakini bei ni ya maharusi kweli. Mashua za wavuvi zinavuka, najua, na mtaambiwa ni rahisi. Msipande. Mkondo ule umeshachukua watu wazima wenye uzoefu.

Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo pangeni saa ya kuingia vizuri msije mkalipia siku ya pili kwa ajili ya saa moja. Malipo ni ya kielektroniki, si fedha mkononi. Kitambulisho cha taifa muwe nacho, kwa sababu raia analipa kidogo sana kuliko mgeni, na bila kitambulisho hamtaaminiwa kwa lafudhi peke yake.

Swala. Saadani ipo karibu kusini kamili ya Makka, kwa hiyo kibla chenu ni kaskazini. Ukisimama pwani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia, umeshaelekea. Kwa njia ya Dar na Bagamoyo umbali unapita ule wa kupunguza swala. Ila kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unaswali kamili tangu unapofika. Wenye nia ya fungate nzima ya siku saba wamuulize sheikh wao kabla. Mswala wa kukunja na chupa ya maji ya udhu viwe ndani ya gari. Dereva aambiwe mapema, kwa sababu ndani ya hifadhi huteremki popote upendapo. Muombe akusimamishe pale panaporuhusiwa.

Hoteli ulizeni nyama imechinjwa na nani, na ombeni meza mbali na pombe. Wengi wanaelewa. Mkikosa jibu la kuridhisha, kuleni samaki na kamba, hamjapoteza kitu.

Mtakachokiona: twiga, nyati, kuro, tohe, ngiri, nyani wengi, mbega msituni Zaraninge, na palahala mkibahatika. Simba na tembo wapo lakini hawana miadi na nyinyi. Zile picha za tembo anatembea ufukweni si za kila siku, mwenye hoteli akikuahidi usimuamini. Safari ya boti kwenye Wami ndiyo naipenda kuliko zote, viboko na mamba karibu, mdiria juu ya mikoko, na pengine heroe mlangoni mwa mto. Msikoge huko. Bahari ya mbele ya kijiji ni ya tope la mto, haina buluu ya Nungwi; anayetaka picha ya maji ya kioo abaki Nungwi.

Madete, kaskazini ya hifadhi, kasa hupanda usiku kutaga. Wanakwenda na muongozaji tu, bila tochi nyeupe, bila flashi ya simu, bila kelele. Kasa jike anapanda peke yake, anachimba kwa makasia yake ya nyuma, anataga mayai yanayopita mia, anafukia, anarudi majini. Mabi harusi wenye uvumilivu wa kukaa kimya saa mbili kwenye mchanga, na wanaume wa kukaa nao, hao ndio waombe Madete. Wengine walale, alfajiri watakuta alama za mburuzo wake mchangani kabla maji hayajajaa.